Yai la Saba

Mbeyu alipokwenda Watamu kumwangalia mzazi,
Kanze wetu, aliyejifungua pacha,
aliniachia kuku tisa, jogoo, bata wanne
na maneno mengi kuliko mizigo aliyobeba:
wafungulie jua likishatoka, si kabla, nguchiro yuko macho;
machicha ya nazi wape ya leo, ya jana yanawaharisha;
ukimwona anayesinzia huku anaburura mbawa, mtenge, usingoje kesho;
na Kishingo anaatamia, usimsumbue,
ila akitoka kula, yale mayai yanyunyizie maji.

Sikuuliza maji ya nini.
Miaka thelathini na mmoja nilikokota chumvi Gongoni,
najua maji yanavyokufa yakaacha kitu cheupe.
Kuku nilimjua sahanini.

Basi nikawa mlezi.
Asubuhi nainua mlango wa bati, wanatoka kwa cheo:
jogoo mbele, kama aliyeitisha baraza,
bata mwisho, wakitikisa mikia,
watu wanaojua karai la maji halitawakimbia.
Nilijifunza kubomoa kichuguu, nikaleta mchwa na udongo wake.
Nilijifunza kumjua mwewe kabla sijamwona:
kiwanja kizima hunyamaza, na kimya kile kina makali.
Mlangoni nikachora kwa mkaa
mstari mmoja kwa kila siku ya Kishingo.

Ishirini na moja, kila mtoto hapa Ganda anaijua.
Ishirini na moja ikafika. Hata sauti.
Nikatega sikio: joto tu, na harufu ya manyoya.
Ishirini na mbili.
Ishirini na tatu Kitsao akapita na baiskeli yake ya madumu,
akasema bila kushuka, "Viza hayo. Mtoe huyo koo, atakonda bure."

Siku ya ishirini na nne nikamwinua Kishingo.
Akanidonoa hadi damu. Nikasema, maskini, hajui.
Nikachukua yai moja katika saba
nikaligonga kwenye mzizi wa mkorosho.

Halikunuka.
Kilichotoka kilikuwa na malaika mabichi, yamelowa,
na mdomo bapa, mdogo, kama kijiko cha dawa,
na kifuani kitu kinapiga,
kinapiga,
kikaacha.

Mdomo bapa.
Ndipo nikayaelewa yale maji.

Sita nikayarudisha mkono ukitetemeka.
Kishingo akayapanga upya, akakaa,
akanitazama kwa jicho moja,
maana kuku hana namna ya kukutazama kwa mawili.
Kile nilikizika penye mgomba, nikaweka jiwe juu.
Usiku nikatoka na tochi, nikaliondoa jiwe.

Wakaanguliwa siku ya ishirini na nane, sita,
wa manjano, wana madoa kama waliorushiwa masizi,
na tangu saa ile Kishingo hakunitaka karibu.
Kuku mwenye watoto halengwi jiwe, wanasema.
Hawasemi lolote juu ya aliyelenga mapema.

Siku za mzazi ni arobaini, na za mwizi vilevile.
Mbeyu akarudi na kanga mpya na habari za pacha,
akahesabu kuku, akahesabu bata,
akachutama akahesabu vifaranga.
"Yalikuwa saba."
"Moja lilikuwa viza."
Akainua macho kwenye mistari yangu ya mlangoni,
akaona pale pa ishirini na nne
nilipobonyeza mkaa hadi ukavunjika.
Akaenda kuwasha moto.

Juzi mvua ikajaza shimo tulilochimba udongo wa kukandikia ukuta.
Bata wadogo wakaingia bila kumuuliza mtu.
Kishingo akawa analia ukingoni, anakwenda, anarudi,
shingo yake tupu imewiva kwa wekundu,
anawaita kwa lugha ya nchi kavu
na wao wanazidi kwenda katikati.

Nikaenda nikasimama upande wake, si karibu sana.
Nilitaka kumwambia hawazami.
Akanidonoa, palepale penye kovu,
nami sikuuondoa mkono.